Jinsi ya Kuipima Shule ya Msingi ya Serikali Mjini

Kila Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya darasa la saba, wazazi wa Dar es Salaam hufungua simu, wakatafuta jina la shule ya mtaani kwao, wakaangalia wastani, kisha wakatoa hukumu. Shule yenye wastani mkubwa hupata foleni ya wanaotaka kuhamia, na yenye wastani mdogo hubaki na wasio na nauli ya kwenda mbali. Mwongozo huu unakupa njia nyingine. Ubora wa shule ya msingi huonekana mapema zaidi na kwa uhakika zaidi katika madarasa ya chini. Ukitaka kujua kama shule inafundisha, tazama inamfanyia nini mtoto aliyeingia hajui herufi hata moja, na baada ya miaka miwili amefika wapi. Mambo hayo mzazi wa kawaida anaweza kuyachunguza kwa asubuhi moja, bila kuwa mwalimu.

Kwa nini uanzie darasa la kwanza na la pili

Tangu 2015 mtaala umeweka uzito wa madarasa haya mawili kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, stadi ambazo walimu huziita KKK. Kufikia wakati huo tafiti za Uwezo, zinazowafuata watoto majumbani na kuwapa majaribio mepesi ya kiwango cha darasa la pili, zilikuwa zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kuisoma hadithi ya darasa la pili. Pima uzito wa jambo hilo. Kuanzia darasa la tatu masomo yanaongezeka, na kila moja linadai kusoma. Sayansi inasomwa, na hata swali la mafumbo la Hisabati lazima lisomwe kwanza ndipo likokotolewe. Mtoto asiyejua kusoma anaachwa na masomo yote kwa mpigo, na darasa lililojaa halina nafasi ya kumrudia. Anakaa nyuma, ananakili kilichoandikwa ubaoni, daftari linajaa, na nyumbani wanaamini kwamba anasoma.

Kwa sababu hiyo, matokeo ya darasa la saba yanakuja yakiwa yamechelewa. Yanakueleza habari za watoto walioandikishwa miaka saba iliyopita, pengine chini ya mwalimu mkuu mwingine na walimu waliokwishahamishwa. Mtoto wako anaingia Januari ijayo. Unachohitaji kujua ni nani anafundisha darasa la kwanza hivi sasa, na anafundishaje.

Matokeo ya mtihani yana kazi, ukiyasoma vizuri

Msomaji anaweza kusema: mtihani ndio kipimo cha taifa zima, ni mmoja kwa wote, kwa nini tuuache? Hatuuachi. Tatizo liko kwenye wastani, kwa sababu unachanganya kazi ya shule na hali ya familia za wanafunzi wake. Shule inayopokea watoto wengi waliopitia chekechea nzuri, wenye vitabu nyumbani na tuisheni jioni, itakuwa na wastani wa kupendeza hata kama walimu wake wanafanya kazi ya kawaida tu. Shule ya Uhuru Mchanganyiko, pale Kariakoo, kwa miaka mingi imepokea watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine. Kuipima kwa wastani, ukiilinganisha na shule isiyowapokea kabisa, ni kuiadhibu kwa wema wake. Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya maswali ya darasa la saba ni ya kuchagua jibu moja kati ya matano, kwa hiyo hata anayebahatisha huokota alama.

Basi fanya hivi, kwa kutumia matokeo yaliyomo kwenye tovuti ya Baraza:

1. Tafuta matokeo ya darasa la saba ya shule yako na uandike idadi ya watahiniwa waliofanya mtihani.
2. Fungua matokeo ya Upimaji wa Darasa la Nne ya shule hiyo hiyo, miaka mitatu nyuma. Waliofanya mtihani wa darasa la saba 2024 ndio waliokuwa darasa la nne 2021. Andika idadi yao pia, kisha linganisha. Kama darasa la nne walikuwa 210 na la saba wakabaki 150, una swali la kumuuliza mwalimu mkuu. Huenda ilijengwa shule mpya jirani wakagawana wanafunzi, jambo la kawaida Dar es Salaam. Huenda pia ni utoro, au watoto dhaifu wamekwama darasa la nne na wastani ukapanda kwa kuwa wao hawamo.
3. Acha wastani, hesabu madaraja. Mtihani una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia alama 121. Waliopata D na E ni wangapi kati ya wote? Hao ndio watoto ambao shule imekaa nao miaka saba na hawakufaulu. Shule yenye A chache na E karibu hakuna inawafundisha wote. Shule yenye A nyingi na kundi kubwa la D na E inafundisha waliokwisha kuelewa.
4. Rudia kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka mmoja unaweza kuwa bahati, njema au mbaya.

Tangu 2023 Baraza limeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, na uamuzi huo ulistahili. Orodha ya kumi haikumsaidia mzazi wa Mbagala au Tandale mwenye shule mbili au tatu tu ambazo mtoto anaweza kuzifikia kwa miguu.

Mjini usihesabu walimu, tazama wako wapi

Tumezoea kuuliza shule ina walimu wangapi. Kijijini swali hilo ni la haki, kwa sababu unaweza kukuta walimu wanne kwa madarasa saba. Mjini linapotosha. Walimu wengi huomba kuhamia mjini, kwa hiyo shule inaweza kuwa na walimu wa kutosha kwenye makaratasi, hata ukigawa idadi ya wanafunzi kwa walimu ukapata kiwango cha serikali cha 45, na bado ukachungulia chumba ukakuta watoto mia na ushee. Kinachopungua ni vyumba. Walimu wapo, lakini chumba kimoja kinamchukua mmoja kwa wakati, na wengine wako ofisini wakisubiri kipindi chao.

Hapo ndipo shule zinapoachana. Utafiti wa Benki ya Dunia wa 2014, uliofanywa kwa kutembelea shule bila taarifa, ulikuta karibu nusu ya walimu wa shule za msingi nchini hawamo darasani wakati wa kipindi, ilhali wengi wa hao walikuwa shuleni. Walikuwa wamefika kazini. Muda wa kufundisha ndio uliopotea, kwenye kusahihisha rundo la madaftari, vikao, wageni na kazi za ofisi. Shule mbili zenye msongamano sawa zinaweza kutofautiana kwa saa nzima ya kufundishwa kila siku, na saa moja kila siku kwa mwaka mzima ni elimu nyingi. Kwa hiyo unapolinganisha shule za mjini, muda wa kufundisha ndicho kipimo chako kikuu.

Kuna njia za kutumia walimu wa ziada, na mwalimu mkuu makini atakuwa na mojawapo. Wako wanaoweka walimu wawili katika chumba kimoja cha darasa la kwanza, mmoja akiongoza somo na mwingine akizunguka kwenye madawati. Wako wanaowatoa watoto ishirini wasiojua herufi wakawafundisha chini ya mti kwa nusu saa. Wengine wana zamu mbili, asubuhi na mchana, ili darasa lipungue. Hili la mwisho liangalie kwa makini: uliza zamu ya mchana inaanza na kumalizika saa ngapi, kisha hesabu vipindi. Zamu inayompa mtoto darasa dogo lakini ikamnyang'anya theluthi ya vipindi huenda ikamtia hasara.

Asubuhi moja shuleni

Nenda Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Jumatatu ina mambo ya mwanzo wa wiki, na Ijumaa watu wanajiandaa kuondoka mapema. Usiende wiki ya mitihani wala siku ya mkutano wa wazazi, kwa kuwa siku hizo shule imevaa nguo ya sikukuu.

1. Fika kama saa tatu asubuhi. Pita ofisini, saini kitabu cha wageni, na ujieleze kwa heshima: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mzazi wa mtaa huu, nategemea kumwandikisha mtoto Januari. Naomba dakika chache za mwalimu mkuu akiwa na nafasi." Usiingie darasani bila ruhusa.
2. Unaposubiri, hesabu kwa macho vyumba unavyoviona na vile vyenye mwalimu ndani. Sikiliza. Darasa linalofundishwa lina sauti ya swali na jibu, na darasa lililoachwa lina kelele zake. Liko pia darasa lililo kimya kabisa kwa sababu kiranja amesimama na fimbo. Hilo nalo limeachwa.
3. Muulize mwalimu mkuu nani anafundisha darasa la kwanza na la pili, na kwa nini hao. Jibu zuri linataja uzoefu, mafunzo ya KKK, subira kwa watoto wadogo. Jibu baya ni kwamba madarasa ya chini ni rahisi, hivyo hupewa anayekaribia kustaafu au aliyefika jana, huku walimu hodari wakiwekwa darasa la saba.
4. Muulize ni watoto wangapi walimaliza darasa la pili mwaka jana wakiwa hawajui kusoma. Swali hili ni zito, liulize kwa upole. Mwalimu mkuu anayekupa idadi na kukueleza anawafanyia nini anaijua shule yake. Anayekwambia hapa wote wanajua hajapima, au hataki ujue.
5. Baki mpaka mapumziko yaishe. Hesabu dakika zinazopita kati ya kengele na mwalimu kusimama ubaoni. Vipindi vingi hufa hapo, kimyakimya, bila mtu kuandika popote.

Utaambiwa kwamba shule haitamruhusu mzazi kuchunguza hivyo. Baadhi zitakuzuia, na hilo nalo ni taarifa. Lakini kuna mlango wa kudumu, nao ni kamati ya shule, ambamo wazazi wana wawakilishi wao. Mtafute mjumbe mmoja, muulize wathibiti ubora wa shule walikuja lini mara ya mwisho, walipendekeza nini, na kipi kimetekelezwa. Afisa Elimu Kata naye anazifahamu shule zote za kata yake, na mzazi ana haki ya kumwona.

Daftari la mtoto wa jirani

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote huna haja ya kuufuata ofisini. Uko mtaani kwako, ndani ya mkoba wa mtoto wa darasa la pili au la tatu anayesoma shule hiyo. Waombe wazazi wa watoto wawili au watatu, usichague wale wanaosifiwa tu, ukae na daftari la Hisabati na la kusoma na kuandika.

Anza na tarehe. Kuna mazoezi mangapi kwa wiki? Kisha tazama wino mwekundu. Vyema iliyopigwa kwenye jibu baya inaonyesha kwamba mwalimu amepitisha kalamu bila kusoma. Ukiona 42 toa 17 mtoto ameandika 35, usikimbilie kusema ni mzembe. Ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila safu, saba toa mbili, nne toa moja, kwa sababu hajaelewa kukopa. Hilo ni kosa la kawaida la umri wake. Geuza ukurasa. Kama wiki iliyofuata kosa ni lile lile, na iliyofuata tena lile lile, na hakuna masahihisho yaliyofanywa, basi mwalimu anatoa alama bila kufundisha upya. Kama chini ya kosa kuna mfano mmoja ulioandikwa kwa mkono wa mwalimu, na ukurasa unaofuata mtoto amepata 25, hapo pana shule, hata kama sakafu ina mashimo.

Walimu watasema, na wana haki, kwamba madaftari 120 hayasahihishiki kila siku. Kweli. Usidai kila siku. Tafuta dalili kwamba mara moja au mbili kwa wiki mtu alisoma alichoandika mtoto huyu na akamrekebisha.

Jaribio la dakika tano

Mpe mtoto wa darasa la tatu habari hii, ambayo haimo katika kitabu chake. Ugeni wake una sababu: watoto wengi hukariri kurasa za kitabu cha darasani na kuzighani bila kutazama herufi.

> Asha alikwenda sokoni na kaka yake. Walinunua samaki wawili na fungu la nyanya. Njiani mvua kubwa ilinyesha, wakajikinga chini ya mwembe. Walipofika nyumbani, mama alikuwa ameshawasha jiko. Asha alimpa mama samaki, kisha akabadilisha nguo.

Muulize: Walinunua nini? Kwa nini walisimama chini ya mwembe? Kwa nini Asha alibadilisha nguo? Jibu la swali la tatu halikuandikwa, lazima mtoto alitoe kwenye maelezo. Kipimo kinachotumika nchini kwa mwisho wa darasa la pili ni kama maneno 50 kwa dakika, kwa kuelewa, na habari hii ni fupi kuliko hapo. Anayehitaji dakika tatu kuivuta silabi kwa silabi bado hajajua kusoma, haidhuru anashika nafasi ya ngapi darasani. Usimpime mmoja ukahukumu shule. Wapime watano au sita, na umshukuru kila mmoja hata akishindwa.

Vitu vya kukagua haraka

☐ Vyoo: kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Mjini shule chache hufikia. Angalia kama kuna maji, kama milango inafungika, na kama wasichana wakubwa wana mahali pa kujistiri.
☐ Fedha: elimu ni bila malipo tangu Januari 2016. Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Shule ya wanafunzi 1,500 hupata hivyo milioni tisa kwa mwaka. Mapato na matumizi yako kwenye ubao wa matangazo?
☐ Michango: ni ya hiari na hupitishwa na wazazi. Shule inayomrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango inavunja utaratibu.
☐ Viboko: kanuni zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visivyozidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kila mwalimu akitembea na fimbo, kanuni imekufa.
☐ Njia: itembee kwa miguu saa ya kwenda shule. Kama kuna barabara kubwa ya kuvuka, nani anawavusha? Kama ni ya daladala, fahamu kwamba makondakta huwaacha wanafunzi kituoni asubuhi, na mtoto wa miaka sita atachelewa kila siku.

Makosa yanayowagharimu wazazi

La kwanza ni kuvutwa na majengo. Rangi mpya na geti la chuma havifundishi silabi. La pili ni kudhani kwamba Kiingereza ni ubora. Zipo shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond jijini Dar es Salaam, na zipo za binafsi nyingi, lakini mtoto wa mjini anayezungumza Kiswahili hujifunza kusoma kwa wepesi zaidi katika lugha anayoielewa, na anayejua kusoma lugha moja ana msingi wa kusoma nyingine. La tatu, linaloumiza zaidi, ni kumpeleka mtoto mdogo mbali kwa ajili ya jina la shule. Saa mbili za barabarani kila siku zinatoka kwenye usingizi na michezo yake.

Kama huna pa kuchagua

Pingamizi kubwa ni hili: wazazi wengi hawachagui. Shule iliyo karibu ndiyo hiyo, nyingine zimejaa, na uhamisho unahitaji shule ya pili ikubali. Je, kuipima kuna faida gani? Faida ipo, kwa sababu kipimo hiki hakikupi jina la shule tu, kinakuonyesha pengo liko wapi. Ukijua kwamba darasa la pili la shule yenu halisomeshwi baada ya mapumziko, una hoja ya kupeleka kwenye mkutano wa wazazi, yenye siku na saa, na hoja ya namna hiyo ni ngumu kuizima kuliko lalamiko kwamba shule ni mbovu. Ukijua kwamba mtoto wako anaandikiwa mazoezi lakini harekebishwi, unajua jioni umketishe kwenye masahihisho badala ya kumlipia tuisheni ya kunakili upya yale yale. Tena wazazi watano waliokagua madaftari ya watoto wao na kwenda pamoja kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, wakiomba walimu wawili wawekwe darasa la kwanza, wanaomba jambo lisilohitaji bajeti wala kibali cha wizara.

Uandikishaji wa wanaoanza Januari hufunguliwa kwa kawaida Oktoba, na cheti cha kuzaliwa huombwa. Fanya ziara yako kabla ya hapo, shule zikiwa zinafundisha, ukiwa na kalamu na karatasi. Na ukimkuta mwalimu wa darasa la kwanza anayejua jina la kila mtoto na alipokwama, mwandikishe mtoto wako kwake, halafu mwambie mwalimu mkuu kwamba huyo ndiye aliyekuleta.